Mwenye Mwavuli Asiaminiwe

Placetas,
Jumapili, 12 Machi.

Kwa kaka yangu mpendwa Osniel, au kwako wewe unayejiita Bata Mzee, ikiwa nyinyi ni watu wawili.

Shikamoo kaka. Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili, nikitumaini kuwa nawe u mzima huko uliko, unakula vizuri, na kile kifua chako hakikusumbui. Sisi huku tunaendelea. Baba hajambo, ila goti lake la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mimi nimekua, mwezi wa tano natimiza miaka kumi na mitano, na Baba ameshaanza kuulizia bei ya kukodi lile gauni la kupigia picha za umri huo, kama wasichana wote wa huku, ingawa nimemwambia sitaki picha. Sababu utaiona mbele.

Ikiwa wewe si Osniel, naomba radhi kwa usumbufu. Mwalimu Hortensia ametufundisha kwamba barua iliyomfikia asiyehusika isomwe mpaka mwisho wa salamu, kisha ikunjwe. Tafadhali ikunje. Lakini kama unajua kwa nini nyumbani kwetu sinema hupimwa kwa vijiko, endelea kusoma.

Daftari letu la vijiko bado ninalo, kaka. La kwanza lilijaa mwaka juzi, nikashona la pili kwa uzi wa kiatu. Kanuni ni zile zile ulizoziweka wewe: sinema tamu kabisa ni vijiko vitano vya sukari, mbaya ni kahawa chungu, na hairuhusiwi kuongeza kijiko kwa huruma. Ile tamthilia ya Kibrazili, Shamba la Dada Wawili, nimeipa vijiko viwili tu. Ina sehemu mia na sitini, na ndani yake watu tisa wameanguka ngazini. Nyumba ile ingejengwa bila ghorofa, hadithi isingekuwepo. Baba aliifuata mpaka harusi ya mwisho huku akisema haangalii. Wale wapelelezi wa televisheni ya taifa nawapa vitatu, kwa heshima, ingawa mpaka leo mwizi ni yule aliyevaa shati zuri kuliko wenzake. Sinema za Wamarekani za magari yanayoruka madaraja sizipi kitu. Baba huzitumia kama dawa ya usingizi, na anasema ni dawa nzuri.

Tangu uondoke, kazi yako ya kunakilia watu kifurushi cha wiki, ule mzigo wa sinema na tamthilia mpya, ameichukua Zunilda wa kona. Kila Jumatatu analeta diski, na watu wa mtaa wanapanga foleni mlangoni kwake na diski zao kama wanangoja mkate. Si mkali kama wewe. Wewe ulikuwa unamwuliza mtu anataka nini na kwa nini. Yeye anamwaga vyote tu, kisha anamwambia kila mteja kwamba nafasi ikikosekana afute mwenyewe huko kwao. Neno hilo la kufuta linanichoma kila nikilisikia.

Tamthilia iliyonifanya nishike kalamu ni ya Kikorea, inaitwa Supu ya Mahabusu. Unaijua, kama wewe ni wewe. Ni ya msichana anayepika katika jela alimofungwa baba yake kwa kosa la mtu mwingine. Wanaume wawili wanampenda: askari jela ambaye kila sehemu lazima alowe mvua, na wakili tajiri mwenye mwavuli mweusi. Nimeipa vijiko vitano, tena vilivyojaa. Wengine wanalalamika kwamba inafika sehemu moja tu kwa wiki. Zunilda anasema huyo Bata Mzee anayeandika tafsiri chini ya picha bila shaka anaiandika kwa miguu.

Mimi sikulalamika. Mimi nilishuku.

Ilianza sehemu ya tatu. Mkuu wa jela alimkuta mpishi mvivu amekaa juu ya gunia, akamfokea, na chini ya picha pakaandikwa: "Umekaa hapo kama feni isiyo na waya." Nilisimamisha picha. Nikasoma tena. Kaka, Mkorea yule hata kama alitukana, hakutukana hivyo. Hilo ni tusi la Baba, alilokuwa akitutupia sisi wawili tulipokaa mbele ya televisheni naye amezungukwa na feni za watu za kutengeneza. Nilimkimbilia Zunilda kumwonyesha. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Wewe mtoto, ipo siku utamwona kaka yako hata kwenye sufuria ya maharage!" Akaniambia mafundi feni wako kisiwa kizima, na wote wana midomo michafu.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kuangalia kwa kalamu mkononi. Sehemu ya sita, bibi yake msichana akamtengea chakula na kumwambia, "Kula, mwanangu, wali wa jana ndio unaojua siri za nyumba." Hayo ni maneno ya Mama. Hata dada zake Mama hawayasemi.

Hapo nikaanza kumshuku Zunilda mwenyewe, Mungu anisamehe. Maandishi yale ya chini hukaa katika faili lake peke yake, na mtu akitaka anaweza kulifungua na kubadili maneno kama anavyobadili orodha ya sokoni. Zunilda amekaa jikoni kwetu tangu utoto, maneno ya nyumba yetu anayajua, na mpaka leo mtu akilitaja jina lako anajishika nywele. Nikafikiri pengine ananichezea, au ananifariji, na sijui lipi lingeniuma zaidi. Kwa hiyo nikamwomba Lianet, ninayekaa naye dawati moja, aniletee sehemu zile zile kutoka kwa mjomba wake anayechukua kifurushi Sancti Spíritus. Nikazilinganisha mstari kwa mstari. Feni ilikuwepo, na wali wa jana ulikuwepo. Basi hakuwa Zunilda.

Nikakutegea mtego. Naomba usikasirike. Mwisho wa kila sehemu kikundi chenu cha wafasiri huweka anwani ya kupokelea maoni, nami nikaandika kwa simu ya Zunilda bila kutaja jina, kama shabiki tu wa kisiwani. Nilisifu muziki, nikasema askari jela analia kupita kiasi kwa mtu mwenye bunduki. Kisha nikaandika uongo. Niliandika kwamba kwa maoni yangu msichana aolewe na wakili, kwa kuwa ni mwanamume safi, mpole, na hata mvua inamheshimu. Niliandika hivyo kwa sababu kaka yangu, siku zote tulizokaa kwenye lile kochi lililopasuka, hakuvumilia kitu kama hicho. Alikuwa na sheria: katika sinema usimwamini mtu ambaye wenzake wote wamelowa na yeye amekauka.

Nilingoja wiki nne. Sehemu ya kumi na moja, wakili akaingia na mwavuli wake, akatabasamu, na juu kabisa ya picha, mahali wafasiri wanapoeleza majina ya vyakula na sikukuu za kigeni, pakatokea mabano: "(Mfasiri anasema: mwenye mwavuli asiaminiwe. Na wewe shabiki wa kisiwani, unazeeka vibaya.)"

Nilipiga kelele. Baba aliangusha bisibisi.

Sasa nikueleze habari za Baba, maana naye nilikuwa nimeshaanza kumshuku. Tangu sehemu ya nne alikuwa amehamia sebuleni na feni moja ya Zunilda. Feni hiyo nimeiona ikifunguliwa na kufungwa mara saba, na haina ugonjwa wowote. Anakaa nyuma yangu, anafuta mapanga yake kwa kitambaa, na ninapogeuka anaangalia chini. Siku moja nilimwuliza kama anapenda tamthilia za Kikorea. Akanijibu kwamba yeye hapendi watu wanaokula supu wakiwa wanalia, lakini feni inahitaji mwanga, na mwanga uko sebuleni. Nilipopiga kelele ile ya mwavuli aliniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna. Akaokota bisibisi, halafu akasema kwamba huyo mwandishi wa chini anaongea kama watu wa huku kwetu. Alisema kama anayesema habari za hali ya hewa.

Jumatatu iliyopita ikaja sehemu ya kumi na nne. Msichana amepata habari kwamba baba yake atahamishiwa jela ya mbali. Amesimama dirishani, mvua inanyesha, na kwa dakika nzima hakuna anayesema neno. Hata muziki umezimwa. Lakini chini ya picha maneno yakatokea: "Fungeni dirisha la jikoni, mvua inalowesha keki."

Hakuna keki katika tamthilia ile. Hakuna aliyefungua mdomo.

Wewe unajua ni maneno ya nani. Ni Mama, siku yangu ya kutimiza miaka mitano, katika ile video pekee tuliyokuwa nayo inayotoa sauti yake. Anaingia na keki ya samawati, mvua inaanza, anageuka nyuma na kupaza sauti kwa watu wote wa nyumba. Mimi maneno yale nilikuwa nimeyasahau, kaka. Nilikumbuka keki. Nilikumbuka kwamba midomo yake ilikuwa inakwenda. Nilipoyasoma ndipo sauti ikarudi, na yale yalikuwa maneno yenyewe, kwa mpangilio ule ule. Nikaanza kushuku jambo ambalo naogopa hata kuliandika: mtu hakumbuki hivyo kwa miaka minne kwa kichwa peke yake. Mtu anayekumbuka hivyo amekuwa akiitazama.

Sasa lazima niseme lile lililonifanya niwe mtu wa kushuku kila mtu. Nimelibeba tangu nina miaka kumi.

Video ile niliifuta mimi.

Ulikuwa umekwenda Santa Clara kuchukua kifurushi, na Lianet alikuwa ameniletea kwa flashi tamthilia nzima ya Kikorea ya yule daktari wa theluji, sehemu zote kumi na sita pamoja na ile ya mwisho iliyokuwa haijafika kwetu. Diski yako ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimekuona mara nyingi ukipunguza ili kupata nafasi, na kila Jumatatu nyumba zote za mtaa huu hufanya hivyo, zinafuta vya zamani ili vipya viingie. Niliona folda imeandikwa "Mbalimbali", ya miaka mingi, ambayo haikufunguliwa na mtu. Nikadhani ni vichekesho vyako vya zamani. Nikafuta. Nafasi ikapatikana, nikaingiza daktari wangu, nikamtazama mpaka mwisho. Nilimpa vijiko vinne. Hata ukurasa wake katika daftari nimeung'oa.

Siku ya kumbukumbu ya kifo cha Mama, Baba alivaa shati lake jeupe akaomba aione video. Unakumbuka yaliyofuata, kwa hiyo sitayarudia yote. Lakini neno lile alilokwambia lazima niliandike, kwa kuwa lilikuwa langu na ukalipokea wewe. Alisema, "Umemfuta mama yako ili upate nafasi ya Wakorea!" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Ukanitazama. Haukuwa muda mrefu, ulikuwa kama muda wa kusoma mstari mmoja wa chini ya picha. Kisha ukamgeukia Baba, ukasema ni kweli, ulikuwa mzembe. Siku nne baadaye ukaondoka na begi la mgongoni, ukatuma ule ujumbe mmoja kutoka Guyana kwamba umefika salama, na namba yako haikuita tena.

Swali ninalojiuliza kila siku ni hili: je, ulijua? Uliponitazama pale mlangoni, uliona? Kwa miaka minne nimemshuku kila mtu kwamba anajua. Baba akinyamaza mezani, nasema anajua. Mwalimu Hortensia akisifu insha yangu kwamba ina ukweli, nasema ananichimba. Sitaki gauni wala picha za miaka kumi na mitano kwa sababu hata ziking'aa vipi zitakaa kwenye diski, na mimi najua diski zinavyofanywa. Na wewe unatafsiri hadithi ya mtu aliyefungwa kwa kosa lisilo lake. Ulipokuwa ukiandika mistari ile, kaka, ulikuwa unamfikiria nani?

Jumatatu ile, yale maneno ya keki yalipopita, nilisikia nyuma yangu bisibisi ikiwekwa mezani polepole. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitakosa nguvu. Nikamwambia Baba nikiwa nimeikazia macho televisheni: nikamwambia juu ya folda, flashi, daktari wa theluji, na kwamba Osniel hakufanya kosa lolote ila kunyamaza. Nilimaliza, sehemu ikaendelea, mtu fulani akapika supu.

Baba hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinyanyuka akaenda jikoni, nikasikia akifunga dirisha. Nje jua lilikuwa kali, kaka, hakukuwa na wingu hata moja. Alilifunga na kitasa akakiweka. Kisha akarudi, akaketi kwenye kochi, upande wako, si kwenye kiti chake cha kazi, akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Tulikitazama kipande kile mara tatu mpaka umeme ukakatika.

Katika ule ukimya alianza kusema bila kunitazama. Alisema alimwambia mwanawe neno ambalo mtu hamwambii hata mbwa. Alisema kwa miaka minne amekuwa akiacha feni za wateja zikizunguka mchana kutwa ili nyumba isimsemeshe. Mimi nilikuwa nalia. Akanipa kile kitambaa cha kufutia mapanga, kina grisi, nikajifuta, nikatoka na uso kama wa fundi. Akanitazama hatimaye, akasema, "Haya, na wewe usikae hapo kama feni isiyo na waya. Mwandikie."

Ndiyo maana leo naandika. Nimeandika kwa kalamu kwanza, kama tulivyofundishwa, na Zunilda ataipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuituma kwenye anwani ya kikundi chenu. Ameapa hatasoma. Simwamini. Zunilda, kama unasoma, shikamoo, na funga macho.

Kaka, sikuombi useme umenisamehe. Neno hilo lisije kwa sababu nimelidai. Na kama kweli unayo ile video, kama ulikuwa umeinakili mahali kabla sijaigusa, usiitume. Usiipitishe kwa kikundi wala kwa kifurushi wala kwa diski ya mtu yeyote. Ije nawe, siku utakayoweza kuja, na isipowezekana mwaka huu basi mwaka mwingine. Tumeshajua kungoja sehemu moja moja.

Nilimwuliza Baba nikuandikie nini kutoka kwake. Alifikiri kutwa nzima. Mara ya kwanza alisema nikuulize kama unakula. Kisha akasema hapana, hilo ni swali la wanawake, lifute. Kisha akasema usilifute, liache. Leo asubuhi, akiwa ananyoa ndevu, aliniita chooni na povu usoni akanipa ujumbe wake kamili. Nauandika kama alivyousema: "Mwambie huyo Bata Mzee maandishi yake ni madogo mno. Aandike kwa herufi kubwa. Na mimi nasoma."

Kesho inaingia sehemu ya kumi na tano. Najua umeshaimaliza na barua hii haitaiwahi. Lakini ya kumi na sita, ya mwisho, bado. Usituandikie mabano wala maneno yoyote ya nyumbani. Ongeza tu ukubwa wa herufi. Baba atakuwa kwenye kochi, nami nitakuwa karibu naye, na feni ya Zunilda tutakuwa tumemrudishia. Herufi zikija kubwa, tutajua.

Zunilda anakusalimu, na nywele zake. Goti la Baba linakusalimu pia. Ukiwa wewe ni mtu mwingine na umesoma mpaka hapa kinyume cha maagizo, asante kwa tafsiri nzuri, na nakuomba uikunje barua taratibu.

Mimi mdogo wako, ambaye hakuwahi kumwamini mwenye mwavuli,

Idalmis.